Mkono Usioshikwa

Kama kuna mtu aliyemwombea Nyanchera Jumapili mbaya, dua yake ilijibiwa saa nane mchana mbele ya nyumba moja ya kupanga kwenye mteremko wa Nyanchwa, mjini Kisii. Upande wa kulia wa lango, mama yake alikuwa akishuka kwenye bodaboda, leso begani na kikapu mkononi. Upande wa kushoto, Alfayo alikuwa ameinama akipakua vyungu vya maua kutoka kwenye mkokoteni. Na katikati, pale pale langoni, alisimama Nyanchera mwenyewe asijue miguu aielekeze wapi.

Alikuwa hajamwona Alfayo tangu Januari. Na moyo nao una wazimu wake, maana badala ya kuogopa ulianza kwa kufurahi. Lile shati la samawati alilijua. Ile mikono yenye udongo wa kitalu aliijua zaidi. Alfayo akainua uso, macho yao yakakutana, na kwa kitambo kidogo wote wawili wakasahau kwamba duniani kuna akina mama.

"Nyanchera."

"Umefuata nini hapa?" alimnong'oneza.

"Mdogo wako Eric aliagiza maua ya kuweka mlangoni. Hakuniambia utakuwepo."

"Na mimi hakuniambia."

"Umekonda."

"Na wewe hujanyoa. Mama anakuja, Alfayo. Jifiche!"

"Nijifiche wapi? Nyuma ya waridi?"

Hakuwahi kujificha. Mama Drusilla alikuwa amekwisha fika, na alipomwona Alfayo alitua kikapu chini, akanyoosha mkono wake wa kuume mbele kabisa.

"Bwairire, kijana," akasema. "Habari za biashara?"

Ungekuwa mgeni wa nchi hiyo, ungesema: mama mwema huyo, anasalimia hadi wauza maua. Lakini Nyanchera mkono ule aliujua. Kwa Wagusii, mwanamume hamshiki mkono mama wa mke wake. Hakai naye benchi moja, haoni kitanda chake, na akimwona kwa mbali barabarani humpisha njia. Wenyewe huiita ensoni, na ndani yake hamna chuki hata chembe. Ni heshima inayopewa nafasi ya kupumua.

Sasa fikiria ilivyokuwa Januari. Alfayo alifika Nyamira, nyumbani kwa akina Nyanchera, amevaa koti, amefuatana na rafiki zake wawili kuja kujitambulisha. Akasimama mbali na mlango, kichwa chini, mikono nyuma, kama anavyosimama mtu anayetumaini kuwa mkwe. Mama Drusilla akauvuka uwanja wote, akamfikia, akauchomoa ule mkono kutoka mgongoni kwake na kuutikisa kwa nguvu mbele ya wanawake waliokuwa jikoni. Hakuhitaji kutoa hotuba. Jiko zima lilielewa: huyu si mtu wetu, huyu ni mpita njia. Alfayo alikunywa chai akaaga. Usiku ule Nyanchera alilia mpaka mto ukalowa.

Na kosa la Alfayo lilikuwa nini? Alikuwa Mkatoliki wa Mosocho anayeuza miche ya parachichi na maua. Mama Drusilla alikuwa shemasi wa Wasabato, mjane aliyemwahidi marehemu mumewe kwamba watoto wao watakaa benchi moja kanisani. Tena kulikuwa na Gibson, mwana wa mzee wa kanisa, mwenye suti tatu na sauti ya besi. Wazee wa Gibson walikuwa waje Nyamira Jumapili ijayo. Nyanchera hakuwa amekubali, ila hakuwa amepata nguvu ya kukataa, na siku zilikuwa zinakwenda.

Leo basi, mkono ulikuwa umenyooshwa tena. Kumbe vyungu vina faida zake. Alfayo alikuwa amekumbatia viwili, kimoja kila upande, na hakuonyesha dalili ya kuvitua.

"Bwairire buya, Mama," alijibu akirudi nyuma. "Nisamehe, nina udongo."

"Udongo haujawahi kuniua."

"Ni mwingi, Mama. Una mbolea."

Akaendelea kurudi nyuma na vyungu vyake mpaka mkokoteni ukamzuia. Mama Drusilla akashusha mkono, akaguna, akaokota kikapu chake.

Eric akatokea mlangoni mbio, uso umemjaa kicheko cha mtu anayejua amekoroga mambo. Alikuwa kitinda mimba wa nyumba, kijana mwenye mawazo mengi kuliko usingizi. Wazo la safari hii lilikuwa hili: amepanga nyumba, akaigawanya kwa plaiwudi, akaijaza mafumbo na makufuli, na juu ya mlango akaandika FUNGUA UTOKE. Watu wanaingia wanne wanne, wanafungiwa, wanatafuta vidokezo na kufumbua mafumbo mpaka mlango ufunguke. Saa moja ikiisha hawajatoka, wameshindwa. Nairobi watu wanacheza, alisema, kwa nini Kisii tubaki nyuma? Ufunguzi ulikuwa wiki ijayo, na alitaka watu wa nyumbani waijaribu kwanza.

"Yaani watu wazima watakuja hapa, uwafungie, halafu wakushukuru?" Mama Drusilla aliuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Jela hufanya hivyo bure."

"Lakini jela hawapigi washindi picha, Mama. Ona ukuta huu. Watakaotoka leo ndio picha yao itakaa ya kwanza kabisa."

Hapo Mama akautazama ukuta. Nyanchera alimjua mama yake. Mwanamke huyu mpaka leo alikumbuka jina la kwaya iliyoipokonya kwaya yao ushindi kabla Eric hajazaliwa. Tena, kama walivyokuja kujua baadaye, alikuwa amekwisha waambia wanawake wenzake wa kanisa kwamba picha ya kwanza pale itakuwa yake.

Wachezaji walikuwa wawe Mama, Nyanchera, rafiki yake Valentine, na binamu yao Lorna kutoka Kenyenya. Valentine alikuwapo, anatafuna karanga. Lorna akapiga simu: mvua imenyesha kwao, barabara imekuwa utelezi mtupu, haji.

"Wasee, mchezo wangu hauendi na watatu," Eric akasema, ameshika kichwa. "Kuna mahali lazima muwe wanne."

Kila mtu aliangalia kila mahali isipokuwa kwenye mkokoteni.

"Si huyu yupo?" Mama Drusilla akasema.

"Mama!" Nyanchera alishtuka.

"Mama nini? Kwani yeye ni nani kwangu hata nishindwe kukaa naye chumba kimoja? Mwuza maua ni mtu kama watu. Aingie, tushinde, aende zake."

Maneno hayo yalimchoma Nyanchera kuliko kofi. Alimtazama Alfayo akitegemea aone hasira, au angalau aibu. Alfayo alikuwa anajifuta udongo vidoleni polepole.

"Mama akisema niingie, nitaingia," akajibu. "Ila nitakaa karibu na mlango."

*

Ndani palikuwa jiko la bibi kizee. Eric alikuwa amekusanya kila kitu cha zamani kilichokosa mwenyewe: mafiga, taa ya chemni, redio ya mbao, kikapu cha kuchumia chai, mizani ya kupimia majani. Mlango ukajifunga nyuma yao kwa mlio mzito. Ukutani saa ikaanza kuhesabu kurudi nyuma, na kwenye kona ya dari kamera ndogo ikawakodolea jicho.

"Haya!" Mama Drusilla akapiga makofi. "Nyanchera, kwenye kikapu. Valentine, acha karanga. Kijana, tazama juu, wewe ndiye mrefu."

Jamani, mama huyu aliyesema hii ni jela alikuwa sasa amefunga leso kiunoni. Ndiye aliyegundua kwamba mawe yaliyo kwenye kikapu yanapaswa kupimwa kwenye mizani, na namba za mizani ndizo zinafungua sanduku la kwanza. Sanduku lilipofunguka alipiga kigelegele mpaka Eric akaomba kwenye kipaza sauti wapunguze. Valentine, kwa upande wake, alikuwa amepata ubao uliolegea na alianza kuubandua achungulie nyuma.

"Rudisha!" Mama akafoka.

"Mathee, ni kuchungulia tu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Tunashinda kwa haki ama hatushindi. Hata nikifungiwa, mimi ni shemasi."

Nyanchera alikuwa anatafuta kama wengine, lakini sikio na jicho lake moja vilibaki karibu na mlango, na hivyo ndivyo alivyoona jambo ambalo lilimfanya asahau mafumbo. Alfayo alipata kinyago kidogo cha mawe ya sabuni juu ya kabati, chenye alama chini yake. Mama akanyoosha mkono: "Leta." Alfayo hakumpa mkononi. Alikiweka juu ya kigoda, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, ndipo akasema, "Kipo hapo, Mama." Baadaye ikawa hivyo hivyo kwa ufunguo, na kwa kipande cha kamba. Mama alipokaa, yeye alisimama. Mama alipokuja upande wake, yeye alihamia wa pili, hana haraka, hanung'uniki, kama maji yanavyolizunguka jiwe.

Ila mara ya tatu Nyanchera alimwona mama yake anasita mbele ya kigoda kabla ya kuokota.

Ufunguo ule ulifungua mlango wa ndani. Wote wakausukuma kwa pamoja, Mama mbele, Valentine nyuma yake, na Alfayo, aliyekuwa amesahau kidogo kwa furaha ya ushindi, akiwa na mguu mmoja umeshavuka kizingiti.

"Eric!" sauti ya Mama ilitikisa plaiwudi. "Eric! Hiki si kitanda changu?"

Kipaza sauti kikakohoa.

"Uliniambia kimepelekwa kwa fundi! Na blanketi langu! Nyasae!"

"Mama, kimepata kazi mjini," Eric akajibu kwa unyonge.

Valentine aliangua kicheko, lakini Nyanchera aligeuka kwa kelele nyingine. Alfayo alikuwa ameruka kinyumenyume kama aliyekanyaga kaa la moto, akagonga rafu, na sufuria tatu zikamporomokea. Alisimama katikati ya jiko, ameupa mlango mgongo, sufuria moja bado inazunguka miguuni pake.

"Alfayo! Rudi bana," Valentine akamwita. "Hiki si chumba cha ukweli. Ni plaiwudi na misumari!"

"Kitanda ni cha ukweli."

"Sasa?"

"Sasa ni cha Mama. Mimi siingii. Nisomeeni mkiwa huko, nitafikiri nikiwa huku."

"Tutapoteza wakati!"

"Basi someni haraka."

Nyanchera alimtazama mama yake. Mama Drusilla alikuwa amesimama kando ya kitanda chake cha zamani, ameshika ncha ya blanketi. Hakuna aliyelala pale, hakuna ambaye angelala. Hata hivyo aliinama, akalivuta blanketi likafunika vizuri hadi kwenye mto wa kulalia, akalinyoosha kwa kiganja.

"Nyanchera," akasema kwa sauti ndogo. "Karatasi hii ya kitandani inasema tupate wimbi la redio. Nenda ukaangalie huko jikoni. Sisi tutatafuta hapa."

Hivyo ndivyo walivyojikuta wawili tu mbele ya redio ya mbao, mabega karibu kugusana, wakizungusha kitufe kimoja kwa vidole viwili. Nyanchera alisikia pumzi yake. Alisikia harufu ya udongo na ya majani ya mnyanya. Alikuwa ameapa kwamba siku wakikutana atakuwa na maneno mengi mazuri. Yalimtoka matatu.

"Gibson anakuja Jumapili."

"Nimesikia."

"Umesikia, na umekaa?"

"Ulitaka nifanyeje?"

"Nichukue!" Alinong'ona kwa ukali, machozi yakimlenga. "Wengine hufanya hivyo. Twende Kitale kwa dada yako, tukirudi na mtoto mgongoni nani atakataa?"

Alfayo aliuacha mkono wake kwenye kitufe. Alimtazama kwa yale macho yake yaliyotulia, na Nyanchera alihisi kwamba akiendelea kutazamwa hivyo atalia kwa sauti.

"Nakupenda," Alfayo akasema. "Nakupenda hata nikimwagilia miche naita jina lako, jirani ameshaniona mwendawazimu. Lakini sitakutorosha. Nikikutorosha nitakuwa nimepata mke na kukosa ukwe. Mama yangu alikufa nikiwa mdogo, Nyanchera. Sina mama wa kumkimbilia. Angalau niwe na wa kumkimbia."

"Unasema nini wewe?"

"Nasema nataka mama mkwe. Nataka siku moja nimwone anakuja barabarani, niruke mtaro, nijifiche kwenye migomba ya watu, shati lichanike. Watu waulize, yule anakimbia nini? Waambiwe, ni mkwe wake yule. Hicho tu ndicho ninachotaka kutoka kwake. Januari aliponishika mkono, wenzangu walidhani nimeona aibu. Sikuona aibu. Nilihisi nimefiwa mara ya pili."

Nyanchera alifuta macho kwa mkono wa gauni.

"Na kanisa?"

"Ijumaa utapika mapema kabla Sabato haijaingia, kama mlivyozoea. Jumamosi nitakufikisha mpaka mlangoni kwenu, na ibada ikiisha nitakuwa pale pale. Mengine wazee wataongea. Sina jibu la kila kitu."

Redio ikakoroma, ikatulia kwenye namba. Ndipo nyuma ya ukuta mtu akakohoa, kikohozi kikavu cha mama mtu mzima, na wote wawili wakakumbuka kwa pamoja kwamba plaiwudi haijawahi kuzuia neno hata moja.

*

Mama Drusilla alipotoka chumbani hakumtazama yeyote. Alikuwa ameshika kadi ya mwisho, akampa Valentine asome kwa sababu, alisema, miwani yake ina ukungu.

"Namba ya redio imefungua droo," Valentine akaeleza, "na ndani kulikuwa na hii. Sikieni. 'Karibu na mlango kuna mabakuli mawili ya shaba. Mkubwa wenu kwa umri aweke mkono kwenye la kwanza. Mrefu wenu kwa kimo aweke mkono kwenye la pili. Wawili tu, si zaidi. Mikono yao mingine ishikane, na mlango utafunguka.'"

"Ni umeme kidogo tu wa betri," sauti ya Eric ikajazia kwenye kipaza sauti, kwa furaha ya mtu asiyejua anachokisema. "Unapita mwilini, hausikii kitu. Mkishikana tu, kufuli linaachia. Fanyeni haraka, mmebakiza dakika chache!"

Hakuna aliyesogea.

Mkubwa kwa umri alikuwa Mama. Mrefu kwa kimo alikuwa Alfayo. Kijana wa Kigusii, aliyezaliwa na kulelewa Nyamira, alikuwa amekaa miezi mingi akibuni fumbo, na halikumjia akilini hata mara moja kwamba nchi hii imejaa watu wasioruhusiwa kushikana mkono.

"Nyanchera asimame katikati," Valentine akapendekeza. "Amshike mama huku na Alfayo huku. Umeme utapita tu."

"Imeandikwa wawili," Mama akasema.

"Lakini Mathee..."

"Nimesema kwa haki ama basi."

Taa ikageuka nyekundu. Saa ukutani ikaanza kulia, tik, tik. Mama Drusilla akaenda kwenye bakuli la kwanza, akaweka mkono wa kushoto. Wa kuume ulibaki huru, mtupu, unaning'inia kando ya leso. Nyanchera aliutazama ule mkono kama mshtakiwa anavyoutazama mdomo wa hakimu, maana hapakuwa na njia ya tatu. Ukinyooshwa, Alfayo ni mwuza maua, ameshikwa mbele ya mashahidi mara ya pili, na Jumapili ijayo Gibson atakaribishwa kiti.

"Kijana," Mama akaita. "Njoo kwenye bakuli lako."

Alfayo alikwenda. Akaweka mkono mmoja kwenye shaba. Wa pili akauficha nyuma ya mgongo.

"Mkono," Mama akasema.

"Mama, nakuomba."

"Unaniomba nini? Wakati unakwisha."

"Januari ulinishika sikuwa nimejiandaa. Leo nakuomba usinishike." Aliinamisha kichwa. "Nifukuze kwa mdomo. Niambie nisikanyage Nyamira, nitasikia. Tukitoka hapa mwite mwenye suti tatu. Lakini usinishike mkono, Mama. Hilo siliwezi."

Valentine aliacha kutafuna. Tik, tik. Mama Drusilla alimtazama kijana yule aliyeinamisha kichwa, halafu akautazama ukuta wa plaiwudi ambao dakika chache zilizopita ulikuwa umemwambia mengi. Akanyanyua mkono wa kuume. Nyanchera akafumba macho.

Alipoyafumbua, mkono ulikuwa hauonekani. Mama alikuwa ameuzungushia leso, ameufunga ndani kabisa, kama mtu anayesikia baridi. Alikuwa ameliacha bakuli na kurudi nyuma hatua tatu nzima, mpaka kwenye mafiga, macho chini.

"Siwezi," akasema.

"Mathee, huwezi nini?" Valentine alilia. "Ni sekunde tu! Picha!"

"Valentine, wewe huna kwenu? Hukufundishwa?"

Honi ikalia mbuuu, taa zote zikawaka, na saa ukutani ikabaki na sifuri tupu. Walikuwa wameshindwa. Alfayo alikuwa bado ameshika bakuli lake, machozi yanamtiririka bila aibu. Nyanchera akakaa juu ya kigoda, akaanza kucheka na kulia kwa wakati mmoja, asijue kipi kinamshinda.

Eric akafungua mlango kwa ufunguo wake. "Aki jameni! Mlikuwa mmefika! Mama, si ungemshika tu mara moja..." Aliona leso. Akamwona Alfayo, mkono mmoja bado nyuma ya mgongo. Mdomo ukabaki wazi. "Oh," akasema.

"Ndiyo, oh," Mama akamjibu. "Badilisha hilo fumbo lako kabla hujafungua. Utafungia wakwe wote wa Kisii humu ndani wafie njaa."

"Na picha, Mama? Ukuta ni wa washindi."

"Piga. Nani amekwambia tumeshindwa?"

Picha ikapigwa. Mama upande mmoja kabisa, mikono ndani ya leso, uso umegeukia pembeni. Alfayo upande wa pili kabisa, nusu ya bega imekatwa. Katikati Nyanchera na Valentine walisimama wakijaribu kuijaza nafasi yote ile.

Baada ya hapo Mama alimimina chai kutoka kwenye chupa aliyokuja nayo kikapuni. Kikombe cha Alfayo hakukipeleka, alikiweka kwenye kigoda na kuondoka. Kisha akamwita bintiye, na ingawa Alfayo alikuwa pale pale anasikia kila neno, hakumtupia jicho.

"Nyanchera. Mwambie huyo kijana aje Jumapili na wazee wake."

"Mama, Jumapili ni akina Gibson."

"Akina Gibson nitawapigia simu mwenyewe. Mwambie habari ya kanisa haijaisha, nina maswali mengi na wazee wake wajiandae. Na mwambie anyoe."

"Amesikia, Mama."

"Sijamwambia yeye. Mwambie."

Nyanchera akageuka. Alfayo alikuwa ameshika kikombe kwa mikono yote miwili, anamtazama kana kwamba ndiye chai yenyewe. "Umeambiwa unyoe," akamwambia.

Jua lilikuwa limeanza kulegea Mama Drusilla alipopanda bodaboda kurudi Nyamira. Alfayo alikuwa ametangulia na mkokoteni wake, anateremka taratibu, anapiga mluzi. Nyanchera alibaki langoni, akaona yote. Aliona bodaboda ikimkaribia. Aliona Alfayo akigeuka, akamwona aliyepanda nyuma. Mkokoteni ukaachwa njiani, chungu kimoja kikabiringika, na mwanamume mzima akaruka mtaro na kupotea ndani ya migomba ya watu, shati la samawati likinaswa kwenye seng'enge na kuchanika.

Mwendeshaji akafunga breki kwa mshangao.

"Mama, yule jamaa anakimbia nini? Ameiba?"

Mama Drusilla akajitanda leso vizuri, akatazama mbele, na akajibu kwa sauti iliyofika mpaka langoni, na bila shaka mpaka kwenye migomba.

"Endesha pikipiki. Yule ni mkwe wangu."